Nandevu Hana Kaburi

Mjukuu wangu Faraji, anayeishi Ulaya, ameniletea kichupa nitemee mate. Kimeletwa na rafiki yake, kimefungwa vizuri kama dawa ya macho, na masharti nimepewa kwa simu: nisile, nisinywe, nisisukutue, niteme mpaka mate yafike kwenye mstari. Anasema huko kuna watu wanapima mate wakakwambia babu wa babu yako alizaliwa wapi na ndugu zake ni nani. "Bibi, safari hii tutampata yule Mwairishi," ananiambia, kwa furaha utadhani amemwona anakata kona. Nikamwambia, "Baba, huyo mtu alitafutwa kwa miguu na kwa machozi asipatikane, wewe utampata kwa mate?" Akacheka. Vijana wa siku hizi, kila kitu kwao kicheko. Kichupa nimekisukuma kabatini nyuma ya vikombe, na tangu siku hiyo usingizi umeniruka, maana kimenifungulia mambo niliyokwisha kuyafunga.

Wenzangu mliokulia Newala enzi za Mwingereza hamna haja ya kuelezwa sana. Kwetu ilikuwa ukingoni kabisa, pale unaposimama ukauona Ruvuma chini kule, na ng'ambo yake kwa Mreno. Mlimani maji hakuna. Tulishuka bondeni gizagiza, tukapanda na mitungi kichwani, na mtoto akimwaga hata kata moja alikiona cha mtema kuni. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mweupe, lakini weupe wenyewe si wa Kiarabu wala wa Kihindi. Uso na mikono yake ilijaa vidoa vya hudhurungi, na akikaa juani anawiva kama nyanya. Watoto wa jirani waliniambia Bibi alinyeshewa na mvua iliyopita kwenye bati lenye kutu. Nikaamini. Nilikuwa nikimwogesha mgongo nasugua vile vidoa kwa dodoki, nashangaa havitoki, na yeye anasema, "Wee Zainabu, unaniogesha au unanichuna?"

Baba yake Bibi alikuwa mzungu. Hilo halikuwa siri, wala halikuwa habari. Enzi za Mjerumani alitokea kwa Mreno akiwinda tembo, ana bunduki na ndevu nyekundu mpaka kifuani, watu wakamwita Nandevu, yaani mwenye ndevu. Jina la kwao hakuna aliyelishika. Alikaa na mama yake Bibi, akajenga, akalima hata mihogo. Kisha, Bibi angali wa kubebwa mgongoni, akavuka Ruvuma kufuata tembo, basi, hiyo ndiyo hadithi yake yote.

Na kwetu haikuwa balaa. Mtoto kwetu ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Baba ni mgeni anayeheshimiwa, akipewa kigoda na nyama nzuri inatosha. Bibi alikua, akachezwa unyago, akaolewa, akamzaa Mjomba Saidi na mama yangu, na hakuna mtu aliyempigia kelele kwamba baba yako nani. Nina hakika angekufa bila kumtafuta. Kilichomtoa ndani ni watoto wa mama.

Baada yangu mama alizaa wawili, wa kiume wote, na wote wakafa hawajatambaa. Walikuwa na majina yao mazuri aliyowachagulia mwenyewe. Sasa alikuwa na mimba tena, na badala ya kunenepa anakonda. Anaweza kukaa na ungo wa mchele mapajani, mkono uko kwenye mchele, macho hayapo. Baba yangu alikuwa mkongeni, Lindi, anakuja kwa nadra. Mjomba Saidi akaenda kwa fundi wa ramli, akarudi na neno. Kuna mkubwa wa kuumeni kwa Bibi anabisha hodi. Hajawahi kumwagiwa unga. Wenzake wote huitwa kwa majina, yeye peke yake anaachwa, na amechoka kuachwa.

Sisi tulikuwa Waislamu, tuliswali na kufunga, na unga wa mtama tulimwaga vilevile, hatukuona ugomvi. Unakwenda kaburini kwa mzee wako, unamwaga unga taratibu mpaka ufanye kichuguu, huku ukimwita kwa jina lake: fulani, pokea, na wenzako uwagawie, mtuache tulale. Kinachotakiwa ni kaburi na jina. Bibi kwa baba yake hakuwa na kaburi, na jina alilokuwa nalo ni la utani la watu wa Newala. Fundi alisema kama kaburi halipatikani, basi walau lipatikane jina alilopewa na mama yake, apewe huyu mtoto atakayezaliwa. Akiitwa mtoto, na mkubwa ameitwa. Mtoto atakaa.

Mimi nilisikia nusu nusu, kama watoto wasikiavyo. Wakubwa walisema Nandevu haonekani. Walisema Nandevu ndiye anayewachukua watoto. Kwa akili yangu mambo yalikuwa wazi: huyu mzee anacheza kombolela. Amejificha mahali, na ndugu zangu wawili amejificha nao, na mchezo hauishi mpaka mtu apige kelele kwamba amewaona. Siku moja tunapanda kutoka mtoni, nikasimama mbele ya kichaka nikapaza sauti, "Nandevu! Nimekuona! Toka na wenzio!" Mama alitua mtungi vibaya, maji yote yakaenda. Akanipiga kofi la mgongo, kisha akakaa njiani na tumbo lake akalia. Nilidhani analilia maji, maana maji kwetu yanaliliwa.

Mjomba Saidi ndiye aliyesema twende kwa wazungu wenyewe. "Mzungu anajua mzungu mwenzake alikozikwa," alisema, kama mtu aliyegundua kitu. Tukateremka Masasi kwa lori la korosho, Bibi, Mjomba na mimi. Mama alibaki. Mimi nilichukuliwa kwa sababu ya macho. Nilizaliwa na macho ya kijivu, macho ya paka walivyoniita, na Mjomba alitaka padre wa misheni ayaone. Nilifurahi kweli. Nilijiona mtu wa maana.

Padre alikuwa mzee mwembamba, Kiswahili chake safi kushinda cha Mjomba, ambaye Kimakonde kilikuwa hakimwachi. Alinishika kidevu akanitazama muda mrefu.

"Jina lake nani?" akauliza.

"Nandevu," Bibi akajibu.

"Hilo mlimpa ninyi, Mama. La kwao?"

Mjomba akakohoa.

Padre alikuwa mtu mwema, hilo silikatai. Aliwaita wazee wa pale misheni, mmoja akakumbuka mwinda tembo aliyepita kuomba dawa ya homa. Alipoitwa Mwingereza alikasirika akatema mate chini, akasema yeye ni Mwairishi. Zaidi ya hapo hawajui. Katika makaburi yao hayumo.

"Hao Wairishi ni Waingereza wa wapi?" Mjomba akauliza.

"Si Waingereza. Wana kisiwa chao, Ayalandi. Waingereza waliwatawala muda mrefu, kisha wakajitawala."

Mjomba akasogeza kiti mbele. "Eh! Waliwatoaje?"

"Saidi!" Bibi akamfinya paja. "Tumekuja kutafuta kaburi."

Padre alicheka mpaka miwani ikamtoka. Halafu akasema yeye karibu anakwenda kwao likizo, na huko ana rafiki mwenyeji wa Ayalandi, atamwuliza habari za mtu aliyekuja pande hizi kuwinda. "Lakini Mama, nisikudanganye. Kule wenye ndevu nyekundu ni wengi kama mikorosho ya huku."

"Wewe uliza tu, Baba. Mtu si sindano apotee hivihivi."

Tulipotoka, Bibi alikuwa na uso mwingine. Na siku hiyohiyo, kana kwamba Mungu anatuchezea, tukapata habari sokoni. Mjomba alikuwa akinunua chumvi, akataja Nandevu kwa muuzaji, kwa kupiga soga tu. Yule muuzaji akasema, "Nandevu? Yupo Lupaso. Juzijuzi nimemuuzia chumvi hii hii."

Bibi akakaa chini palepale, kwenye maganda ya miwa. Akawa anasema, "Yupo? Yupo?" Muuzaji akashangaa. Yupo, mzima, ana mashamba, Lupaso nzima inamjua, ukifika ulizia tu kwa Nandevu. Mjomba akapiga hesabu za umri, akasema haiwezekani, kisha akasema wazungu wanaishi sana. Tulilala kwa mtu, asubuhi tukaishika njia ya Lupaso. Bibi alitembea mbele yetu sote, na unga wa mtama umefundikwa kwenye pindo la kaniki yake, ingawa sasa haukuwa na kazi. Mtu aliye hai hamwagiwi unga. Aliubeba tu, kwa mazoea ya kutafuta maiti.

Tulimkuta uani anachana mianzi ya kusukia kihenge. Mwanamume wa Kimakua, mweusi tititi, mcheshi, kidevu kitupu, hata unywele mmoja hakina. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba. Mimi macho yangu hayakuwa kwake. Nilikuwa nachungulia nyuma ya nyumba, kama nitawaona ndugu zangu.

"Tunamtafuta mzee Nandevu," Mjomba akasema.

"Mmefika."

"Nandevu mwenyewe."

"Ndiye mimi."

Mjomba akamtazama kidevu. "Yule mzungu."

"Ndiye mimi," akarudia, wala hafanyi mzaha.

Akatuwekea mkeka, akaeleza. Mjomba wake ndiye aliyekuwa akimbebea bunduki yule mzungu, na walichanjiana damu, wakawa ndugu. Mzungu alipovuka Ruvuma asirudi, walimngoja. Masika yakaja yakapita, yakaja tena. Mwisho wazee wakasema jina halilali nje. Wakanyoa vichwa, wakalia, wakapika pombe, na yule mjomba akavishwa jina: kuanzia leo wewe ni Nandevu. Naye alipokufa, jina akavishwa huyu mpwa. "Basi ndiye mimi. Madeni ya Nandevu ni yangu, ndugu zake wangu, wanawe wangu. Na wewe, Mama, ni nani?"

Bibi akamwambia yeye ni nani.

Yule mtu akatupa kisu. Akasimama, mikono juu ya kichwa. "Mwanangu! Miaka yote hii hukuja kunisalimu!" Na machozi yakamtoka, ya kweli. Bibi alikuwa amemzidi umri, waziwazi. Lakini mila ni mila. Akapiga magoti pale kwenye mabua ya mianzi, akasema, "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu, marahaba." Bibi hakuinuka upesi. Maisha yake yote hakuwahi kumwamkia mtu kwa neno hilo.

Tulichinjiwa kuku. Tulipokwisha kula Bibi akamwuliza, kwa heshima yote ya mtoto, "Baba, kaburi lako liko wapi?"

Hakuna aliyecheka. "Mwanangu, nilirithishwa jina, sikurithishwa kaburi. Siku ya matanga yangu hapakuwa na maiti."

Nimelifikiria hilo tangu nipate akili. Ndipo alipopotelea yule mtu, si mtoni. Angeachwa bila mrithi, watu wangeendelea kumwulizia, wangevuka, wangepata hata mfupa au mtu aliyeusikia mfupa. Lakini jina lilishapata mwenyewe. Yeyote aliyeuliza Nandevu yuko wapi alijibiwa yupo, anakula, anachana mianzi. Watu wetu walifanya wema, walimziba pengo, na pengo likizibwa nani atachungulia tena? Huyu mrithi naye jina la kwao yule mzungu alikuwa halijui, wala marehemu mjomba wake. Walimwita rafiki.

Mjomba Saidi, ambaye hakati tamaa upesi, akasema, "Basi dada yangu akijifungua wa kiume, tumpe Nandevu. Yaishe."

Yule mzee akarudi nyuma kama ameonyeshwa nyoka. "Aa, jina halina wenyewe wawili. Mtampa nikifa. Au mnataka nife leo?" Akacheka, na Mjomba akacheka. Kisha akakinga viganja. "Huo unga nimwagieni mimi. Mimi ndiye."

"Baba," Bibi akasema, "wewe unapumua. Unga wa mwenye pumzi ni ugali." Akaukaza mfundo wake, tukarudi nao Newala kama tulivyokwenda nao.

Mama alijifungua mikorosho ikiwa imechanua. Mtoto wa kiume. Alikuwa mzima, mnene, anavuta ziwa mpaka mama anauma kanga. Nywele zake zilikuwa na wekundu kwa mbali, na Bibi alipouona ule wekundu alifunika mdomo. Siku ya kutolewa nje na kupewa jina ikafika, Mjomba akasema hapana. Tumngoje padre. Arudi na jina.

"Kaka," mama akasema, "hata paka wa humu ndani ana jina."

"Wale wawili uliwapa majina uliyoyapenda. Wako wapi?"

Sikuwahi kumwona mama akitazama mtu vile. Lakini kauli ilikuwa ya Mjomba, naye hakusema kwa ubaya, aliogopa kama sote. Hata Bibi alikuwa upande wake. Basi tukamwita Mgeni. Mgeni amelala? Mgeni amenyonya? Nilikatazwa kumbunia jina. Nikawa namwita "wee," namchezea vidole, naye ananicheka kwa ufizi. Mama akimnyonyesha alikuwa akiinama mdomo ukaribie sikio lake, na nikiingia ananyamaza.

Mjomba akawa wa kupanda na kuteremka Masasi. Padre bado. Padre hajarudi, labda mwezi ujao. Mwisho akaja padre mwingine, kijana, habari za mwinda tembo hazijui hata kidogo. Yule mzee amepangiwa nchi nyingine, harudi tena. Mjomba alirudi na neno hilo, akakaa kizingitini, akaomba maji. Tulipompa hakuyanywa. Ndani, Mgeni alikuwa amekwisha kushikwa na homa.

Alikufa mchana, watu wakiwa mashambani.

Na kwetu mtoto asiye na jina hana matanga. Wanaume hawaendi, vichwa havinyolewi, hakuna wa kuja kukaa mkekani kusema poleni. Alizikwa na Bibi na wanawake wa jirani, nyuma ya migomba, kwa kipande cha kanga, na jioni mama akatakiwa asonge ugali kama siku zote. Yule Nandevu wa Lupaso habari zilimfika, akapanda mlima na jogoo na kikapu cha mtama, kama babu afanyavyo. Akatukuta tunatwanga. Akauliza matanga yako wapi. Bibi akatikisa kichwa. Akakiweka kikapu chini, akakaa kidogo, akaondoka. Sisi tuliokwenda kumtafuta mmoja asiyeitwa kwa jina, tulikuwa tumempa mwenzake.

Mama hakuzaa tena. Nilikuwa mwenyewe nina mimba ya kwanza, Bibi ameshatangulia, mama aliponipeleka makaburini kumwaga unga kwa ajili yangu. Aliwaita wote kwa mpango wao. Alimwita Bibi. Aliwaita wanawe wawili wa kwanza, kila mmoja kwa jina lake. Alimwita hata Nandevu, popote ulipo, pokea. Kisha akachota unga mwingine, akanyoosha mkono, na mdomo ukabaki wazi. Nikangoja. Unga ukaanza kumponyoka vidoleni.

"Mama," nikamwambia, "najua ulikuwa unamnong'oneza. Ulimpa jina. Mwite."

Hakukana. "Nilimpa," akasema. "Zuri. Sikumwambia mtu yeyote, niliogopa kusikiwa."

"Basi mwite sasa. Hakuna anayetusikia."

Akautazama ule unga.

"Nimelisahau, mwanangu," akasema. Akajipangusa mikono kwenye kanga, akaniuliza kama nyumbani nimeacha mboga motoni.